Kabla ya kugusa sindano, fungua tanki

Hapa Lubumbashi mtu akianza kurusha ndeke za telekomande na motere ikamzimikia hewani, kitu cha kwanza anakimbilia ni sindano ya kabureta, ile visi ya kupunguza ama kuongeza mafuta. Anafungua klik mbili, anafunga moja, anawasha, inaunguruma vizuri pale chini, anarusha, ndeke ikipandisha pua tu basi kimya. Anarudi kwa sindano. Anabadilisha buji, ile plagi ya kuwasha moto ndani ya silinda. Anasema mafuta ni mabaya, ile chupa ilikaa sana. Na wakati wote huo tanki iko mule ndani ya tumbo la ndeke, imefungiwa na sponji, hakuna mtu ameiangalia, juu aliyeiuza aliiweka vile, basi iko sawa. Mimi nasema haiko sawa mpaka uipime, na nitaandika kwa urefu juu naona vijana wanapoteza ndeke nzuri, za pesa nyingi, zenye zilisafiri mbali mpaka zifike huku, na shida yote ni sentimita mbili tatu.

Motere yenye wengi wetu tunatumia, ile ya sentimita za ujazo 7.5 yenye wanaita 46, haina pompu. Hapo njo mambo yote yanaanzia. Hewa ikipita kwenye ule mdomo mwembamba wa kabureta inakimbia, presha inashuka, na kule kushuka kwa presha njo kunavuta mafuta toka kwa tanki mpaka kwenye jeti, katundu kenye mafuta yanatokea ndani ya kabureta. Halafu kuna katiyo ka pili, yaani kabomba kembamba, kanatoka kwa bomba ya moshi kanaingia sehemu ya juu ya tanki, kanaleta presha kidogo ya kusukuma mafuta. Ni hayo tu. Nguvu ya kuvuta ndogo, nguvu ya kusukuma ndogo. Mafuta yakikaa chini sana ya jeti motere inavuta kwa shida, yakikaa juu sana yanateremka yenyewe hata kama hakuna mwenye kuyaita.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Mchanganyiko wetu wa metanoli na mafuta ya kulainisha, lita moja ina uzito wa gramu kama 880. Nguzo ya sentimita 10 ya mafuta hayo inasukuma kwa paskali kama 860. Hewa yetu hapa, kwenye mita 1,200 na kitu juu ya bahari, inasukuma kwa paskali kama 88,000. Kwa hiyo sentimita 10 za mafuta ni karibu asilimia moja ya presha yote ya hewa. Inaonekana kidogo, lakini kumbuka kabureta inavuta kwa tofauti ndogo sana ya presha, na hiyo asilimia moja inaingia palepale kati ya tanki na jeti, inaongeza ama inapunguza. Na ndeke ikifanya lupingi, ule mzunguko wa kupanda na kupinduka hewani, ya nguvu kwa mara tatu za uzito, ile sentimita 3 yenye ulidharau inakuwa sawa na sentimita 9.

Sasa kuna jambo la hapa kwetu lenye maandishi ya kwenye boksi la motere hayakuambii. Huku juu hewa ni nyepesi, kama asilimia 11 chini ya ile ya pwani, na mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, jua likipiga digrii 33, motere inapumua kama vile iko mita 2,000 na zaidi. Hewa ikiwa nyepesi ile nguvu ya kuvuta ya kabureta inashuka nayo. Lakini uzito wa mafuta haushuki! Nguzo ya sentimita 10 ni ileile Mombasa, ileile Lubumbashi. Kwa hiyo tanki yenye kuwekwa vibaya, kule pwani inaweza kukuvumilia, hapa inakuangusha. Mtu akikuletea ndeke toka Dar ama Durban akakuambia ilikuwa inaruka vizuri sana, mwamini, halafu funga sindano kidogo, juu hapa itakuwa na mafuta mengi kupita hewa, halafu fungua tumbo uangalie tanki.

Basi iwekwe wapi? Sheria yenye wazee wa kazi hii wanafuata ni rahisi: mstari wa katikati ya tanki ulingane na jeti ya kabureta, ama ushuke chini yake milimita 6 mpaka 10, usizidi. Kwa nini katikati? Tanki ya mililita 300 ina urefu wa kwenda juu wa sentimita kama 5, kwa hiyo toka kujaa mpaka kuisha mafuta yanashuka karibu sentimita 5 zote. Ukiweka katikati ilingane, mwanzo wa safari mafuta yako juu ya jeti kidogo, mwisho yako chini kidogo, na motere inabadilika lakini si sana. Mwanzoni inakula mafuta mengi, mwishoni inakula kidogo, na wewe unatengeneza sindano ukijua hilo, unaiacha na utajiri kidogo wa mafuta pale chini ili kule mwishoni isikauke.

Kupima kwenyewe njo watu wanakosea, juu wanapima kwa jicho. Ndeke yenye gurudumu ya mkia ikikaa chini pua iko juu, kwa hiyo tanki yenye iko nyuma ya motere inaonekana chini kuliko vile itakuwa hewani. Inua mkia kwanza, weka tofali ama chochote chini yake mpaka ndeke ilale vile inaruka. Halafu chukua ile tiyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, yenye mafundi wa kujenga wanatumia kupima nivo ya fondasio, mita moja inatosha. Weka maji, toa mapovu yote, shika mwisho mmoja pembeni ya kabureta mpaka maji yasimame sawa na jeti, na mwisho wa pili upeleke pembeni ya tumbo pale tanki ilipo. Maji yatasimama nivo moja pande zote mbili, hayajui kudanganya. Piga alama na kalamu. Sasa toa tanki, ishike pembeni ya ile alama, uone katikati yake inaangukia wapi. Ni kazi ya dakika chache, bei yake karibu bure, na mafundi wako kila avenue hapa Kampemba na Katuba, omba tu kipande. Mimi naona ni kifaa cha maana kuliko vingi vyenye watu wanaagiza Dubai.

Urefu wa kwenda juu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbali wa kwenda nyuma. Tanki inapaswa kukaa karibu kabisa na ubao wenye umeshika motere, katiyo kafupi. Kuna watu wanaisogeza nyuma, karibu na mabawa, juu pale mbele wameshajaza bateri na serivo, kale kamotere ka kuvuta gesi, ama juu wanataka balansi. Ndeke ikiruka sawa haisumbui. Lakini simamisha pua kwenda mbinguni: ule umbali wote wa nyuma unageuka kuwa urefu wa kwenda juu, mafuta yenye yako sentimita 25 nyuma ya kabureta sasa yako sentimita 25 chini yake, na motere inatakiwa kuyanyonya yote hayo kama mtu mwenye kunywa kwa mrija mrefu. Ndani ya kupanda njo inakauka, inapata joto, inazima, na hapo ndeke haina mbio, haina nafasi ya kugeuka, na chini kuna vichuguu. Mwenye anarusha upande wa barabara ya Kipushi anajua vichuguu vyetu, vingine ni virefu kupita nyumba na ni vigumu sawa na ukuta.

Kuna namna ya kusikia kama tanki iko vibaya bila kufungua kitu. Ruka sawa, gesi juu kabisa, usikilize. Geuza ndeke mgongo chini, gesi ileile, usikilize tena. Sauti ikibaki moja, tanki iko mahali pake. Ikiwa nzito, ya kukohoa moshi, wakati iko sawa, halafu inakuwa nyembamba na kali ukigeuza, tanki iko juu sana. Ikiwa kinyume, kali wakati iko sawa na nzito ukigeuza, tanki iko chini. Hii ni akili ya zamani ya watu wa ndeke za kamba, wale wa kuzungusha ndeke kwa nyaya mbili, na haijazeeka. Kama hauna uhakika wa kugeuza ndeke yako (na kama hauna uhakika usijaribu chini ya kimo cha miti mitatu), fanya pale chini: mwenzako mwenye nguvu ashike ndeke kwa nyuma, gesi yote, ainue pua polepole mpaka isimame. Motere ikipandisha sauti kidogo kidogo ni vizuri. Ikianza kushuka na kulia, usirushe. Na uso wako na wa watoto wote wenye kuchungulia ukae nyuma ya elisi, ile panga yenye kuzunguka mbele ya motere, kamwe usikae pembeni yake, juu elisi ikipasuka inatupa vipande pembeni.

Sasa niseme juu ya motere yenye kufungwa kichwa chini. Ndeke nyingi zenye kuigiza ndeke za kweli ziko hivi, ili pua ibaki safi. Motere ikigeuzwa kabureta nayo inashuka, wakati mwingine sentimita 3 na zaidi, lakini shimo ya tanki yenye mwenye kiwanda alikata kwenye ubao inabaki palepale. Matokeo yake unajaza tanki na mafuta yanaanza kuteremka yenyewe ndani ya kabureta, yanapita, yanaingia ndani ya silinda, na juu kichwa kiko chini yanajikusanya pale kwenye buji. Buji inalowa, haiwaki. Mtu anachukua sitata ya umeme, anaibana na nguvu. Maji maji hayabanwi! Pistoni inapanda inakuta mafuta, haina pa kwenda, na mkono wa pistoni unapinda. Motere mpya kabisa inakufa kabla haijaruka, na watu wanasema ni ya Kichina. Zungusha elisi na mkono kwanza, gesi ikiwa wazi na buji haina moto, uhisi kama inagoma. Ikigoma toa buji, mwaga. Na katiyo ka kabureta ukabane na kibano wakati wa kujaza, ukaachilie tu ukiwa tayari kuwasha. Lakini hiyo ni kuponya homa bila kutoa mbu. Dawa yenyewe ni kushusha tanki, kukata ule ubao chini zaidi hata kama inauma kukata ndeke nzuri.

Kijana mmoja wa Katuba alikuja kwangu na ndeke yake ya bawa la chini. "Yaya, inakufa tu nikipandisha. Nikishuka iko mzima." Nikamwambia toa tanki. Akasema, "Tanki iko mzima, yaya, haivuji." Tukatoa. Zile tanki zetu ni za plastiki nyeupe, ukiinua mbele ya jua unaona kila kitu ndani. Mule ndani kuna katiyo laini ka silikoni kenye kauzito ka shaba kwenye mwisho, kazi yake ni kufuata mafuta kila kona yanapokimbilia: ndeke ikipanda mafuta yanakimbilia nyuma na kauzito kanayafuata, ikigeuka kanaanguka upande mwingine. Ya huyu kijana, kauzito kalikuwa mbele, kamejikunja pembeni ya kizibo, katiyo kamepinda kama herufi U, kamenasa pale. Nikamuuliza kama iliwahi kupiga pua chini. Akanyamaza kwanza, halafu, "Ile siku ya mvua, lakini haikuvunjika kitu, yaya." Haikuvunjika kitu, ni kweli. Kauzito karuka mbele na kakabaki. Tanki ikijaa kanapata mafuta hata kule mbele, kwa hiyo pale chini motere inaimba. Ikipanda mafuta yote yanaenda nyuma na kauzito kananyonya hewa. Tulikatingisha kakarudi, ila katiyo kale kalikuwa kamechoka, tukaweka kengine kafupi kidogo, kauzito kakaacha milimita 6 hivi na ukuta wa nyuma ili kasigonge wala kasishikwe. Ndeke ile inaruka mpaka leo, na sindano hatukuigusa.

Kwa hiyo kila ikipiga pua chini, hata kidogo, inua tanki mbele ya jua. Na mara mojamoja izamishe ndani ya beseni la maji, ziba matundu, pulizia kwa tiyo moja. Tundu dogo sawa na la sindano ya kushonea linaingiza hewa kwa mafuta na utalitafuta kwenye kabureta mwaka mzima.

Mapovu nayo. Motere inatetemesha ubao, ubao unatetemesha tanki, mafuta yanapiga povu, motere inakunywa povu. Tanki isiguse mbao mahali popote. Ifunge na sponji laini pande zote, si kwa kuikaza mpaka sponji inakuwa ngumu sawa na mbao, juu hapo umerudi kulekule. Ukiona mapovu yanapita kwenye katiyo wakati motere iko gesi juu, sababu ni sponji ama tundu.

Balansi sasa, na hii naipenda sana. Tanki yetu iko mbele ya pointi ya kubalansi, pale ukiishika ndeke inakaa sawa, hailalii pua wala mkia. Mililita 300 ni gramu kama 260. Ndeke yenye uzito wa kilo 2 na nusu bila mafuta, tanki ikiwa sentimita 20 mbele ya ile pointi, toka kujaa mpaka kuisha balansi inarudi nyuma karibu sentimita 2. Sentimita mbili ni kubwa! Ndeke yenye ilikuwa tulivu wakati wa kuruka, wakati wa kutua inakuwa na wasiwasi, inainua pua yenyewe. Kwa hiyo balansi inapimwa tanki ikiwa tupu, kila mara, hakuna majadiliano. Ikiwa na mafuta itakuwa nzito puani kidogo, na ndeke nzito puani utaishusha, nzito mkiani itakushusha wewe.

Wenye ndeke za umeme wanacheka hapa, juu bateri haipungui uzito ikiisha, na wana haki yao. Lakini angalia kitu watu wa mafuta waliweza. Agosti 2003 mzee Maynard Hill wa Marekani na wenzake walirusha ndeke ndogo toka Newfoundland, Kanada, mpaka Ireland, karibu kilomita 3,030, saa karibu 39 hewani bila kutua. Ikiwa imejaa ilikuwa chini ya kilo 5, na karibu nusu ya hiyo ilikuwa mafuta. Weka mafuta ya namna hiyo puani halafu yaishe polepole juu ya Atlantiki, ndeke ingekuwa na balansi gani asubuhi ya mwisho? Mzigo wenye kupungua hivyo unaukalisha kwenye pointi ya kubalansi, kisha unatafuta namna mafuta yatafika kwa motere. Sisi wa tanki ya mililita 300 tunachagua kinyume, tunakubali balansi itembee kidogo ili motere ipate mafuta karibu. Njo maana naona mahali pa tanki ni jambo la kufikiri kabla gundi haijawekwa.

Mwenye anataka tanki pale katikati anaweza kuhamia kwa motere ya esanse (petroli), juu kabureta zake nyingi ziko na pompu ya ngozi nyembamba yenye kucheza ndani yake, zinavuta toka mbali bila shida. Ila hapo usibebe tiyo zako za silikoni. Silikoni inavumilia metanoli vizuri, ndani ya esanse inavimba, inalainika, inachomoka kwenye pua ya kabureta katikati ya safari. Kizibo cha tanki nacho vilevile, kuna cha metanoli na kuna cha esanse. Andika kwenye tanki na kalamu nene ni ya mafuta gani, na chupa pia, hasa chupa, juu metanoli haina rangi, moto wake mchana hauonekani vizuri, na kidogo tu ya kunywa inapofusha ama inaua. Kwangu inakaa juu, imefungwa na kufuli, mbali na kila chupa yenye mtoto anaweza kudhani ni ya maji.